Kilemba cha DNA hulegea chenyewe

Wengi tuliosoma biolojia tulikaririshwa kwamba DNA iliyozungushwa kwenye histoni, yaani protini inazojiviringishia, imefungwa, basi. Protini ikiitaka, sharti ije mashine kama SWI/SNF (kundi la protini), ichome ATP, nishati ya seli, na kuisukuma pembeni nukleosomu, yaani fungu la DNA na histoni zake. Si uongo. Ila kuna hoja ya upande wa pili ambayo hutajwa kwa sentensi moja, tena ya haraka.

Jozi 147 za besi huzunguka histoni nane karibu mara moja na robo tatu, mfano wa kilemba. Na kilemba ncha yake hulegea. Mwaka 1995 watafiti Polach na Widom walitumia vimeng'enya vya kukata DNA, wakakuta vinafika hata sehemu zilizofichwa, bila ATP yoyote. Mwaka 2005 Widom na wenzake wakapima mwendo wenyewe: DNA hukaa imejifunga kwa milisekunde 250 hivi, hufunguka kwa milisekunde 10 hadi 50, kisha hujifunga tena.

Robo ya sekunde! Yaani ndani ya sekunde moja ncha imeshafunguka mara tatu au nne. Protini inayozurura ndani ya kiini cha seli haina haja ya kuvunja mlango. Iwepo karibu tu unapofunguka. Ikishashika, DNA haiwezi kurudi ilipokuwa, na protini ya pili inakuta njia nyeupe. Mbili hizo husaidiana bila hata kugusana, jambo ambalo mimi bado linanistaajabisha.

Tatizo ni katikati ya kilemba. Huko uwezekano wa kufunguka hushuka hadi kama 1 kati ya 100,000, na hapo kungoja bahati hakusaidii sana. Isitoshe, karibu saratani 1 kati ya 5 za binadamu zina kasoro katika jeni za SWI/SNF. Mashine hiyo si pambo.

Lakini SWI/SNF yenyewe si hodari wa kusoma mfuatano wa besi; mara nyingi huelekezwa mahali pa kufanyia kazi. Katika hamira, kwenye jeni iitwayo HO, anayetangulia ni protini Swi5. Ndiyo inayoiita SWI/SNF, na mashine inapoendelea na kazi, Swi5 imeshaondoka.