Kuongeza maji kwenye boila si kuitengeneza

Kwa misimu miwili ya baridi nilianza asubuhi zangu kwa kuinama chini ya boila, mtambo unaopasha maji ya kutia nyumba joto. Nafungua koki ya kujazia, nasubiri mshale wa geji ya presha upande hadi baa 1.5 (baa ni kipimo cha presha), nafunga, naendelea na shughuli. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi, ikawa kila wiki, mwishowe kila baada ya siku mbili. Fundi wa kwanza niliyemwita alinionyesha koki ile ile, akasema boila zote hupoteza presha kidogo kidogo, akaondoka. Ushauri huo bado unatolewa kila mahali, nami naupinga kwa sababu najua ulichoniharibia.

Maji ya kupashia nyumba joto huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Yale yale yanatoka kwenye boila, yanapita kwenye marejeta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto vyumbani, yanarudi. Hakuna anayeyanywa wala kuyaoga. Ukitoa hewa kwenye rejeta presha itashuka, hilo ni sawa, unaongeza maji mara moja basi. Lakini mshale ukishuka tena na tena bila wewe kugusa kitu, karibu kila mara maji yanatoka mahali, na kazi ni kupatafuta.

Kila ukijaza, unaingiza pia oksijeni. Maji yaliyokaa mabombani muda mrefu huwa yamemaliza oksijeni yake, kwa hiyo kutu hupungua kasi. Maji mapya yanaiamsha, na tena yanaizimua ile dawa ya kuzuia kutu iliyowekwa ndani. Kutu hiyo huwa tope jeusi zito, linalonaswa na sumaku, ambalo hutuama chini ya marejeta na kuichosha pampu. Rejeta langu la sebuleni lilikuwa moto juu na baridi chini. Nilikuwa nimelilisha tope hilo kwa mkono wangu mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi.

Kilichonisaidia ni daftari. Niliandika geji inasoma ngapi boila ikiwa baridi, na ngapi ikiwa imewaka saa nzima. Kwa mifumo mingi ya nyumbani, baridi ni kati ya baa 1 na 1.5, na ikipata moto hupanda kiasi, ikabaki mbali na 3. Yangu ilianza 1.4, ikapanda hadi karibu 3, na asubuhi iliyofuata ilikuwa chini ya 0.5, boila inakataa kuwaka.

Kupanda sana kisha kuanguka namna hiyo kunaelekeza kwanza kwenye tangi la upanuzi. Maji yakipata moto huongezeka ujazo, na maji hayabanwi. Ndiyo maana kuna hilo tangi dogo, mara nyingi jekundu au la kijivu, lenye mpira katikati: upande mmoja maji ya mfumo, upande wa pili hewa au nitrojeni. Maji yakitanuka, mpira unarudi nyuma, hewa inabanwa. Hewa ikiisha au mpira ukipasuka, hakuna pa kutanukia. Presha inafika baa 3, valvu ya usalama inafunguka, maji yanamwagika nje kwa kibomba ambacho hakuna anayekitazama. Nilifunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa kibomba hicho, nikalala. Asubuhi ulikuwa na maji. (Mfuko ni wa kupimia tu, uondoe ukishaona. Kukiziba kibomba chenyewe ni hatari kubwa, asikudanganye mtu.)

Fundi wa pili alibonyeza kidogo valvu ya tangi, inayofanana na ya tairi la baiskeli. Yalitoka maji. Mpira ulikuwa umepasuka. Kama yasingetoka maji wala hewa, angeweza kujaza upepo kwa pampu, baada ya kushusha presha ya maji hadi sifuri, maana bila hivyo kipimo kinadanganya. Alibadilisha tangi, na valvu ya usalama pia. Valvu iliyofunguka mara nyingi hubakiwa na uchafu kwenye kikalio chake, ikaendelea kudondosha hata chanzo kikishaondolewa.

Presha ikishuka polepole bila kupanda sana wakati wa moto, tafuta uvujaji. Funga usiku koki mbili za kutenga zilizo chini ya boila, ya kwenda na ya kurudi, boila ikiwa imezimwa. Asubuhi geji ya boila ikiwa imeshuka, tatizo limo ndani ya boila. Ikiwa imebaki pale pale, limo kwenye mabomba au marejeta. Pitisha tishu kavu kwenye kila nati ya valvu. Maji machache hukauka kwa joto kabla hujayaona, lakini huacha alama ya kijani, nyeupe au ya kutu. Bomba la chini ya sakafu ndilo gumu kuliko yote.

Kufungua boila yenyewe, hasa ya gesi, mwachie fundi mwenye leseni. Ila muulize amepima nini. Akikujibu kwa kufungua koki ya kujazia peke yake, hajapima chochote.

Leo asubuhi geji yangu ilisoma 1.3. Tangu tangi libadilishwe nimeifungua ile koki mara moja tu, baada ya kutoa hewa kwenye rejeta la ghorofani.