Nina Benzi, Sina Kashata

Jamani, kumiliki Benzi kuna raha yake, ila raha yenyewe inaishia Novemba.

Mimi nakaa Stuttgart, huku huku yanakotoka. Katikati ya mji ni bonde, pembeni vilima vitupu, na mimi kwa akili zangu nimepanga juu. Sasa gari hili linasukumwa na tairi za nyuma. Injini iko mbele, uzito uko mbele, halafu kazi wamepewa za nyuma, zilizobebeshwa buti lenye jeki na mwavuli. Theluji ikidondoka kidogo, ukigusa mafuta tu, makalio yanaanza kukata mauno. Mimi nimeshika usukani naelekea nyumbani, gari linaelekea duka la mikate. Jirani na kigari chake kinachovutwa kwa mbele ananipita taratibu, ananipungia mkono. Kwa upole kabisa! Ndicho kinachouma.

Haya, kanunue tairi za theluji. Weee! Wenyeji watakwambia Oktoba hadi Pasaka, lakini sheria ya Ujerumani haina tarehe, inatazama barabara. Wakikukuta kwenye theluji na tairi za kiangazi, faini euro 60 na pointi moja inaandikwa Flensburg, kwenye daftari la makosa ya madereva. Flensburg iko kaskazini kabisa, mpakani na Denmark. Sijawahi kufika, ila jina langu linaweza kunitangulia.

Na tairi yenyewe iwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Zenye herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake hazihesabiki tena tangu Oktoba 2024. Zile za theluji nilizopewa pamoja na gari ni M+S. Sasa ulitegemea nini?

Washauri ndio usiseme. Shemeji: "Funga mbili za nyuma tu, si ndizo zinazosukuma?" Sawa shemeji, gari litaondoka. Kona je? Breki je? Hizo ni kazi za mbele. Nitashuka bondeni kabla ya siku yangu! Mwenzangu kazini: weka mfuko wa mchanga kwenye buti. Yaani nimetoka Dar, nimeacha mchanga wa bure, nije kununua wa kufunga kwenye plastiki.

Nikamuuliza fundi kuhusu tairi za misimu yote. Akaniuliza naishi wapi. Nilipomtajia mtaa, akatikisa kichwa, akasema zote nne, za theluji, na upana uwe milimita 205 badala ya 225, maana nyembamba inakata theluji ikaikuta lami. Tena raba ya kiangazi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inakuwa ngumu, haishiki. Nikamwonyesha zile M+S, labda atanionea huruma. Akaomba sarafu ya euro 2, akaichomeka kwenye kashata. Ule ukingo mweupe una milimita 4, unatakiwa uzame wote. Ukabaki nje unatuangalia. Kipara! Na sarafu ilikuwa yangu, sijaiona tena.

Nikalipa. Zaidi ya euro 400, sitaki kuongelea. Akanibandikia na stika mbele ya macho: tairi hizi mwisho kilomita 190 kwa saa, kwa sababu gari lina uwezo wa kuzidi hapo. Ahsante. Pale kwangu mlimani natembea 10, natetemeka.

Za kiangazi nimeziacha kwake anitunzie, kwa malipo, maana kwangu hata baiskeli inalala chooni.

Jioni mjomba kapiga kutoka Mbagala. Habari zimeshamfikia.

"Mjomba, hizo ulizotoa nitumie basi, gari langu lina shida."

"Mjomba, hizo nazifunga tena Aprili."

"Sasa hivi ziko wapi?"

"Zimepangishiwa chumba."

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Tairi zimepangishiwa chumba. Na mimi kodi nimekuomba tangu Juni."