Ambulensi Kuukuu: Inunuliwe au Iachiwe Watu wa Skrepu?

Kila inapotokea Land Rover ya zamani iliyokuwa gari la wagonjwa imesimama kwenye yadi ya Changamwe au Shimanzi ikitafuta mnunuzi, wapenzi wa magari ya kale hapa Mombasa hugawanyika. Wapo wanaosema inunuliwe upesi kabla watu wa skrepu hawajaifikia na gesi yao ya kukatia vyuma. Wapo wanaosema anayetaka Land Rover ya kale anunue ya kawaida, kwani ambulensi ni mzigo tu. Mimi nasema inunuliwe, ila kwa sharti ambalo wanunuzi wengi hawalipendi: chumba cha mgonjwa kiachwe kilivyo.

Hoja za wanaokataa ni nzito, na nzito kuliko zote ni kutu. Watu husema Land Rover haiozi kwa sababu bodi yake ni alumini. Bodi, sawa. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaomtenga dereva na injini ni chuma vilevile. Palipogusana alumini na chuma, unyevu wa chumvi ukishapenya katikati, alumini huliwa ikabaki unga mweupe, na chuma nacho huvimba kutu kwa upande wake. Kwa hewa yetu ya pwani, gari lililolala nje Nyali au Likoni haliponi. Kwa ambulensi ni zaidi, maana sakafu yake ilikuwa ikioshwa kila mara, na maji yenye dawa yalitafuta njia ya kushukia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jilaze chini ya gari na bisibisi. Dunga boriti ya nyuma kabisa ya chesisi, chini ya mlango wa kuingizia machela. Gonga usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Bisibisi ikizama, ujue unanunua kazi ya kuchomelea ya miezi mingi, hata kama rangi ya juu inang'aa. Rangi mpya kwenye gari la aina hii inanitia wasiwasi zaidi kuliko rangi iliyobabuka.

Spea nazo zina pande mbili. Land Rover ya toleo la Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na vitu vya injini, breki na springi bado vinapatikana, na mafundi wa kuvifunga wapo. Shida iko nyuma ya kiti cha dereva. Reli za machela, kabati za dawa, taa ya juu ya paa na vioo vya ubavuni vilitoka kwa waunda bodi, si kwa kiwanda cha Land Rover, na bodi ya huyu hailingani na ya yule. Kikikosekana kimoja, huendi dukani kukinunua. Utakiunda upya au utakisubiri.

Kuna anayedhani atayakwepa haya kwa kuagiza ambulensi ya kale kutoka nje. Kanuni ya kawaida ya Kenya ni kwamba gari lililotumika lisizidi miaka 8 linapoingia nchini, na usukani uwe kulia. Zile Cadillac ndefu za Marekani ni za usukani wa kushoto. Zina historia yao ya kuvutia, kwani hadi miaka ya 1970 miji mingi ya huko ilitegemea wenye nyumba za mazishi kwa huduma ya ambulensi, na gari moja liliweza kubeba mgonjwa asubuhi na jeneza jioni. Lakini hiyo ni historia ya Wamarekani, na wao wanaitunza.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni alama. Wengi wetu tumekua tukidhani msalaba mwekundu ni ishara ya hospitali yoyote. Sivyo. Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na Kenya ina sheria yake kuhusu mikataba hiyo. Inatumiwa na huduma za tiba za jeshi na vyama vya Msalaba Mwekundu, si na mtu binafsi mwenye gari lake la kumbukumbu. Hapo mtunzaji anabanwa: akiufuta, ameharibu rangi ya asili aliyoinunulia gari, akiuacha wazi na kuingia nao barabara ya Moi, ana kosa. Ninaloliona mimi ni kuufunika kabisa kwa kitu kinachobandukika bila kung'oa rangi. King'ora nacho kikatwe waya. Foleni ya feri ya Likoni humpisha mgonjwa kwa sababu watu bado wanaamini kwamba ndani yumo mgonjwa. Imani hiyo haifai kuchezewa hata siku moja, hata kwa sherehe ya harusi.

Kuhusu pesa sina maneno mengi: hazirudi. Maonyesho makubwa ya magari ya kale, Concours d'Elegance, hufanyika Nairobi, kilomita zipatazo 480 kutoka hapa, na soko la ambulensi ni dogo.

Sasa kwa nini bado nasema inunuliwe? Kwa sababu nchi hii imejua kutunza magari ya mbio. Safari Rally ilianza 1953, na tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale yanayoifuata nyayo. Peugeot 504 iliyoshinda Safari mwaka 1975 ina watu wa kuisimulia. Gari lililombeba mama mwenye uchungu wa uzazi kutoka Malindi halina msemaji. Na safari ile haikuwa ndogo. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo ambulensi ilisubiri kivuko pale Mnarani kama magari mengine. Ukifika mjini, vichochoro vya Mji wa Kale havikuruhusu gari kupita, hivyo mgonjwa wa Kibokoni alibebwa na vijana hadi barabarani. Hata leo ni hivyo.

Ingia ndani ya chumba hicho uone. Benchi moja ya ubavuni ya kukalia ndugu au muuguzi. Kulabu ya kutundikia dripu. Pingu ya kushikilia mtungi wa oksijeni. Kidirisha cha kusemezana na dereva. Basi. Hakuna mashine ya moyo, hakuna cha kufyonza makohozi, na chini yake ni springi za majani zilizofanya kila shimo la barabara liingie mgongoni mwa mgonjwa. Chumba hicho kinaeleza ambulensi ilikuwa nini kwa wazee wetu: njia ya kufikishwa kwenye matibabu. Matibabu yenyewe yalianzia hospitali. Ndiyo maana siungi mkono kauli kwamba gari kama hilo lingefaa kupewa zahanati ya kijijini. Mgonjwa wa Kwale anastahili gari la leo lenye vifaa vya leo.

Anayeng'oa chumba hicho ili atie vitanda vya kambi na friji, kama wengi wanavyofanya, amebaki na Land Rover kama zile nyingine, na amelipia usumbufu wote wa ambulensi bure. Kwake yeye, wanaokataa wako sahihi.

Ukiamua kununua, karatasi kwanza. Magari mengi ya hospitali za serikali yaliuzwa kwa mnada na kupita mikono kadhaa bila umiliki kubadilishwa. Namba ya chesisi ilingane na iliyo kwenye logbuku, na uhamisho ufanyike NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kabla pesa yote haijatoka. Mbao za sakafu zilizolowa damu na dawa zing'olewe kwa glavu, zipigwe picha, zipimwe, ndipo zitupwe. Mtungi wa oksijeni uliokaa miaka bila kukaguliwa usiwekwe bandani kama pambo. Asiye na banda lenye paa asinunue kabisa, maana masika mawili ya pwani yatamaliza alichokiokoa.

Na kabla fundi hajagusa kitu, atafutwe dereva mstaafu wa hospitali. Wapo Tudor, wapo Mikindani, na umri unawapita. Hao wanajua machela ilifungwa wapi, taa ya paa ilikuwa rangi gani, na kile kitundu kwenye ukuta wa kushoto kilikuwa cha nini.