Maruhubi si masuria tu

Jumamosi niliwapeleka wageni wangu Maruhubi, magofu ya jumba la sultani hapa Unguja. Mtembezaji akatusimamisha katikati ya zile nguzo nene, akaanza: mke mmoja, masuria 99. Dakika ishirini nzima ni masuria. Hamamu, yaani nyumba ya kuogea, tukaipita mbiombio, na mfereji wa maji hakuutaja kabisa. Nimerudi nyumbani moyo unaniuma.

Jumba lile la shamba alilijenga Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1880, nje kidogo ya mji. Mwaka 1899 moto ukateketeza ghorofa na roshani za mbao. Zikabaki nguzo zilizozibeba, na majengo ya pembeni ya mawe na chokaa: hamamu, mabwawa, mfereji. Ukitaka kujua watu waliishije pale, fuata maji. Barghash ndiye yule yule aliyevuta maji ya chemchemi iitwayo Chemchem mpaka mjini. Mtu wa maji hasa, na shambani kwake alama hiyo ipo wazi.

Niliinama pale plasta ilipobanduka. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sega la nyuki, na ndani ya ufa umeingia mzizi wa mtini, mnene kama kidole gumba. Mwaka jana ulikuwa uzi.

Jamani, mzizi ule ung'olewe kabla ya masika, na ufa uzibwe kwa chokaa. Nasema chokaa. Nyumba ya bibi yangu tuliipiga saruji tukidhani tunaisaidia. Matumbawe yanafyonza unyevu na chumvi, na ukuta wa chokaa unautoa taratibu kama anayepumua; saruji inaufungia ndani. Haikupita miaka mitatu, mawe yakawa yanamong'onyoka nyuma ya plasta kama mkate mkavu. Bibi alikuwa akifagia unga wake kila asubuhi, hasemi neno.

Haya, masuria wasimuliwe, walikuwepo. Lakini wasimuliwe kama watu. Jumba linajengwa, utumwa bado ni halali Unguja. Haukufutwa kisheria mpaka 1897. Nani alipasua kuni za kuchemshia maji ya hamamu? Nani alibeba mawe yale? Hao hawana jina hata moja kwenye maelezo ya mtembezaji, na kazi ya mikono yao ndiyo iliyosimama mpaka leo.

Tunatoka, binti wa mgeni wangu, wa miaka tisa, akauliza: "Maji yalikuwa yanapita wapi?" Nikamshika mkono, tukarudi sote wawili mpaka kwenye mfereji.