Masaa 200 ya kujitolea kwa lazima, nani anayapima?

Huu mjadala hauishi, kwamba je ni sawa mwanafunzi alazimishwe kufanya kazi za jamii ndo apewe digrii yake? Pale Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore wanataka mwanafunzi afikishe masaa 200, na chuo kikuu cha USIU nao wameifanya kozi kabisa, usipoifaulu hujamaliza chuo. Nyuma yake kuna hili wazo la kiongozi mtumishi, ambalo Mmarekani Robert Greenleaf aliliandikia insha mwaka 1970, anasema kiongozi wa kweli anaanza kwa kutaka kutumikia, uongozi unafuata baadae.

Wanaopinga wanasema kujitolea kukishakuwa lazima sio kujitolea tena, na hoja hii kwetu Tanzania ni ya zamani sana. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine pale Dar waliandamana mpaka Ikulu kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima ya miaka miwili, ambayo sehemu kubwa ya muda huo ungelipwa asilimia 40 tu ya mshahara, wakasema wazi kwamba miili yao itaenda ila roho zitabaki nje. Nyerere akawafukuza, karibu 400. Tunachokumbuka wengi ni kule kufukuzwa, ila wale vijana waligusa pia mishahara minono ya wakubwa, na hapo Mwalimu aliona wana pointi, akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Yani mtu anakulazimisha ubebe mzigo na yeye kaubeba upande wake. Unaweza usikubaliane nae kuhusu kuwafukuza (mimi naona alizidisha) lakini hapo huwezi kumwambia hajui anachodai.

Upande wa pili nao una uzito. Ukiacha iwe hiari watakaoenda ni walewale ambao kwao kijijini wameshabeba maji, wameshauguza bibi, hawahitaji kufundishwa. Yule aliyekulia nyumba ya geti hatoenda, na kesho kutwa huyo ndo anakuwa mkurugenzi wa halmashauri anapanga bajeti ya zahanati ambayo hajawahi kukaa kwenye benchi lake. Kwahiyo lazima yenyewe mi sina shida nayo, japo kuna mwanafunzi anayefanya kibarua jioni ili alipe ada na huyo masaa 200 yanamtoa pesa mfukoni, chuo lazima kimwangalie tofauti.

Shida yangu ni vipimo. Nenda kituo chochote cha watoto yatima Jumamosi, utakuta basi limeshusha vijana na tisheti zao na bango, sabuni katoni mbili, unga, biskuti, watoto wamepangwa kuimba, picha, alafu wanapaka rangi ukuta ambao wenzao waliupaka muhula uliopita. Mama mlezi kadamka alfajiri kudeki kwa ajili ya wageni, saa saba wanaondoka wanamwachia fomu asaini masaa nane na anasaini, atakataaje na unga ameshapokea. Mhadhiri anayetoa maksi yuko ofisini anasoma ripoti ya kurasa kumi.

Sasa muulize huyo mama anahitaji nini. Mara nyingi ni vitu visivyopigwa picha. Watoto hawana vyeti vya kuzaliwa, na bila cheti kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mtoto huyo akifika chuo mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) unampiga chenga. Mwanafunzi wa sheria akilishika faili la watoto watano tu, akaenda RITA akarudishwa akaenda tena, masaa 200 yataisha na hata hatajua yameishaje. Wa uhasibu anaweza kukaa na madaftari ya kituo ambayo mfadhili anayadai kila robo mwaka.

Ndo maana naona maksi angalau nusu zitoke kwa huyo mlezi, kwa siri, karatasi iende chuoni bila kupitia mkononi kwa mwanafunzi, na yeye ndo aseme kazi iwe nini kabla basi halijaondoka. Alafu wahadhiri nao wawe na masaa yao, wakae kwenye foleni ile ile ya RITA. Chuo kikiona hilo gumu kwa wafanyakazi wake, basi kipunguze na yale ya wanafunzi.