Huku 9.81 peke yake haipati maksi

Nasoma ughaibuni, na ripoti yangu ya maabara, ya kupima g (mchapuko wa kitu kinachoanguka) kwa pendulamu, yaani gololi inayobembea kwenye uzi, imerudi na wino mwekundu pembeni ya jibu: "g = 9.81 m/s². Kwa kosa la kiasi gani?" Maksi mbili zimekwenda, na jibu ni sahihi! Nyumbani hapo ni vema kubwa, tunahamia swali linalofuata. Inaudhi, sikatai.

Ila kaa upige hesabu. Pendulamu yenye uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2.0. Kidole kwenye stopuwachi huwahi au huchelewa kama sekunde 0.2. Ukipima mbembeo mmoja, muda umekosea kwa asilimia 10, na kwa kuwa kwenye fomula muda una kipeo cha pili, g inayumba kwa asilimia 20, yaani kati ya 8 na 12 hivi. Pima mibembeo 20 kwa mkupuo: sekunde 40, kidole kilekile sasa kinakosea asilimia 0.5, na g inakuja 9.8 ± 0.1. Sasa ile 1 ya mwisho kwenye 9.81 imetoka wapi? Tunajua ilikotoka. Imepikwa.

Kupika data tunakujua sote, tusidanganyane. Unaanza na jibu la kitabu, unarudi kinyumenyume hadi kwenye jedwali, halafu unachafua desimali kidogo zisionekane safi mno.

Najua wa nyumbani mtasema: "Kapanda ndege juzi tu, leo anatudharau." Sidharau mtu. Kuitoa fomula yenyewe, T = 2π√(L/g) (T ni muda wa mbembeo mmoja, L ni urefu), kutoka sheria za Newton bila kuchungulia daftari, mwanafunzi wa uhandisi wa nyumbani anawaacha wenzangu wa huku mbali; wapo huku wanaotafuta kikokotoo kwa ajili ya sine ya nyuzi 30. Hilo naliringia kabisa.

"Vifaa hatuna." Uzi, gololi na simu? Kwa mambo mengine kilio hicho nakikubali, kwa hili hapana. Tunachokosa ni mazoea. Anza kuhesabu na "sifuri". Ukianza na "moja", ishirini yako ni kumi na tisa, na g inaruka hadi 10.9. Bonyeza stopuwachi pale gololi inapopita katikati, penye kasi kubwa, si kwenye ncha inakosinzia. Pembe isizidi nyuzi 10: kwa nyuzi 30 muda hurefuka kwa asilimia 1.7, na fomula haina habari. Urefu unapimwa hadi katikati ya gololi, si kwenye fundo. Umesahau? Badili uzi mara tano au sita, chora T² dhidi ya urefu. Mstari hautapita kwenye sifuri, lakini mteremko wake ni uleule, 4π²/g, karibu 4.03. Na pale unapokata mhimili wa urefu, upande wa hasi, unasoma nusukipenyo cha gololi uliyoisahau. Sisi tungeweka rula na kuulazimisha upite kwenye sifuri!

Halafu karibu na ikweta g ni 9.78; 9.81 ni ya latitudo za huku. Tofauti ni asilimia 0.3, ndogo kuliko kosa la kidole, kwa hiyo mmoja anaweza kuiangukia kwa bahati. Darasa zima la ikweta likiangukia 9.81, msahihishaji naye anajua, na anaweka vema.