Kadi ya mchango imeniumbua gereji

Najua mshaisikia kwa yule fundi wa kibanda cha pili, tangu jana anazunguka Pasua nzima anasema nimekula mchango wa harusi. Jamani sijala mchango wa mtu. Sijachanga tu, ni vitu viwili tofauti.

Mzee mmoja wa Kahe kaleta injini ya pampu ya maji, nyanya zinakauka shamba, ukivuta kamba inazunguka vizuri ila plagi haitoi moto. Nikatoa kava, nakuta sumaku za flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini) zina kutu, na koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, imekaa mbali nazo utadhani wamenuniana. Pale pengo ni dogo sana, injini nyingi ndogo inacheza milimita 0.25 hadi 0.4, ikizidi moto unafifia, ikigusa zinasagana. Nikapiga msasa. Fila geji yangu, kile kipimo cha pengo, kuna mtu kaiazima tangu Pasaka (unajijua), basi nikatumia kadi ngumu, mafundi mnaielewa hii, unachomeka kadi kati ya sumaku na koili, unalegeza bolti mbili, sumaku inaivuta koili yenyewe, unakaza, unazungusha flaiwili kadi inatoka.

Nimekaza tu simu ikaita. Narudi, mzee keshamaliza mtori wake, kasimama pale.

"Fundi, kamati wanasema kadi yako hujarudisha."

"Mzee wangu, haikunifikia kabisa! Ningeiona ningekuja mwenyewe na hela mkononi."

Akaguna. Akasema ngoja aone kazi yangu, akaweka mkono kwenye flaiwili. Hapo ndo nikakumbuka kadi niliyochomeka ni ipi. Nikafungua mdomo, sauti haikuja.

Akazungusha taratibu. Kadi ikaanza kutoka kama ATM inatema hela. Kwanza kona yenye ua la dhahabu. Mzee akasimama, akavaa miwani (miwani jamani!), akasukuma tena kidogo, likatoka jina la bwana harusi, mwanae wa tatu. Akasukuma tena, jina langu kwa kalamu ya bluu, tena wameniheshimu wameandika "Fundi Mkuu". Mwisho kabisa single 50,000 double 100,000, na pale kwenye 50,000 kuna dole gumba langu la grisi, zima, hata polisi wangelisoma. Akaichomoa, akaifuta kwenye suruali, akanisomea yote kwa sauti hadi namba ya mweka hazina, na yule fundi wa kibanda cha pili kashikilia kompresa asianguke kwa kucheka.

Nikarudisha kava, kamba ya pili ikawaka, hakuna hata aliyeangalia. Ufundi wangu 15,000 mzee kasema imeshaingia kamati, 35,000 nimalizie kabla ya Jumamosi, kadi kaondoka nayo kama kidhibiti.

Na wewe mwenye fila geji yangu, nusu ya hiyo 35,000 unalipa wewe.